Naomba ushauri: kulinda kompyuta dhidi ya picha zenye madhara

Habari zenu wakuu. Nahudumia kompyuta za ofisi, nyingi ni Windows, na kazi yetu ni kupokea picha kutoka kwa watu tusiowajua. Siwezi kuwaambia wenzangu wasizifungue; ndiyo kazi yenyewe.

Hofu yangu ni picha zilizotegwa ili kuingiza virusi. Ninavyoelewa, tatizo huwa ni kasoro kwenye programu inayoisoma picha. Januari 2006 Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba) cha kasoro ya faili za WMF, aina ya picha za Windows, na 2023 kasoro ya libwebp, maktaba ya kusoma picha za WebP ambayo programu nyingi huibeba ndani yake, ikazigusa Chrome, Firefox na programu nyingine chungu nzima. Hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Kivinjari hujisasisha chenyewe, lakini zile programu ndogondogo zilizobeba libwebp ndani yake nitazijuaje?

Antivairasi ipo, ila kwa kasoro mpya siitegemei sana. Nafikiria kuwanyima watumiaji haki za admini, kisha picha zote zigeuzwe kuwa PNG (aina moja ya faili ya picha) kwenye mashine ya pembeni kabla hazijawafikia. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Na hiyo mashine yenyewe mnailindaje, maana ndiyo itakayofungua kila kitu?