AES kwenye FPGA ndogo: nipunguze wapi?

Swali: Ndugu wataalamu, ninabuni sakiti ya usimbaji fiche wa AES yenye ufunguo wa biti 128, kwa ajili ya kifaa cha vipimo, kwenye FPGA (chipu ambayo mbunifu huipanga sakiti zake mwenyewe). Nimeweka majedwali 16 ya kubadilisha baiti ili kila mzunguko wa usimbaji uishe kwa pigo moja la saa, lakini chipu imejaa kabla sijaweka upanuzi wa ufunguo (sehemu inayozalisha ufunguo wa kila mzunguko). Je, nipunguze wapi?

Jibu la 1: Ndugu yangu, kila jedwali lina baiti 256, yaani biti 2,048. Bakisha manne tu, uyapitishie safu moja ya hali (baiti nne kati ya 16 zinazosimbwa) kwa kila pigo, kisha pigo la tano uyaazime kwa ajili ya ufunguo. Kazi nzima ya mizunguko 10 itachukua takribani mapigo 50, na kwa kifaa cha vipimo hiyo ni kasi ya kutosha kabisa.

Jibu la 2: Naafiki. Wengine watakushauri ukokotoe thamani za majedwali kwa hesabu za nyuga ndogo (mifumo midogo ya namba) badala ya kuzihifadhi, kama mtafiti David Canright alivyoonyesha mwaka 2005, ila njia hiyo hung'ara zaidi kwenye chipu zinazoundwa moja kwa moja kwa mageti ya mantiki. Kwenye FPGA, tumia kwanza kumbukumbu za ndani zenye milango miwili, kwani moja huhudumia baiti mbili kwa pamoja.

Muulizaji: Ahsanteni. Ninatumia mtindo wa CBC (unaounganisha bloku za data kama mnyororo).

Jibu la 2: Basi hata ungepanga hatua zote kwa mtiririko, ili bloku kadhaa zisindikwe kwa wakati mmoja, usingefaidika, kwa sababu kila bloku husubiri ile iliyotangulia isimbwe.