Maji ya Mbeya yanachemka, kipimajoto kinagoma 94

Wakuu, niko Uyole, kidato cha tano, likizo. Jana nimetumbukiza kipimajoto kwenye sufuria ya maharage ya mama. Yanatokota, povu linainua mfuniko, lakini kipimo kimeganda nyuzi 94. Nikaongeza mkaa, bado 94. Kibovu?

— Kizima kabisa, mdogo wangu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, hivyo yanachemka kabla ya 100. Kadiria nyuzi 1 kwa kila mita 300: 1,700 gawa kwa 300 ni 5.7. Toa kwenye 100, unabaki na 94.3. Umepima vizuri sana!

— Na mkaa wote ule, kaka, joto lake limeenda wapi?

— Kwenye mvuke. Kilo 1 ya maji yanayochemka inakula kilojuli kama 2,260 kugeuka mvuke, na kipimo hakisogei. Punguza moto, funika. Mradi yatokote, yataiva kwa muda uleule. Presha kuka ndiyo inayopandisha, hadi karibu 120.

— Asante. Mama kaiona hesabu, kachomoa makaa mawili. Jumamosi napanda Loleza, mita 2,656, na jiko la gesi. Nategemea 91.