Nimeuziwa plagi za B7ES badala ya B7HS, nifunge kwenye injini ya boti?

Mvuvi_Kilindoni
Wakuu, salaam. Nina injini ya boti ya farasi 40, stroki mbili, silinda mbili. Juzi tukitoka Nyamisati kurudi Mafia, kusi imekaza, injini ikaanza kukohoa, ikabaki inavuta kwa silinda moja. Tulikuwa watu saba. Tumefika salama, lakini hali ile siitaki tena. Kufungua plagi, zimelowa oili, nyeusi tii. Zimeandikwa B7HS. Dukani nimepewa B7ES, muuzaji ananiapia kuwa saba ni saba. Nikijaribisha kwa mkono zinaingia vizuri tu. Nifunge?

fundi_wa_pwani
Usifunge! Na kama umeshafunga, usivute kamba. Saba ni kiwango cha joto, hapo kasema kweli. Herufi inayofuata ndiyo urefu wa nyuzi: H ni milimita 12.7, E ni 19. Kipenyo ni kilekile, 14, ndiyo maana inaingia bila ubishi. Lakini ncha inazidi ndani ya silinda kwa milimita 6 na ushee, pistoni ikipanda inaweza kuigonga. Injini ya namna hiyo nimeifungua kwa mikono yangu, kichwa cha pistoni kimechimbika na silinda imekwaruzika. Zilaze plagi hizo mbili pamoja mezani utaona.

Halafu tazama kitabu cha injini. Plagi uliyoikuta huenda aliyekutangulia naye alibahatisha.

Nahodha Mstaafu
Kama zinalowa, weka B6HS, ya moto zaidi. Itaichoma hiyo oili.

fundi_wa_pwani
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo naomba nikupinge. Ni kweli kwa NGK, kampuni ya plagi hizi, namba ikishuka plagi inakuwa ya moto zaidi (kwa plagi za kampuni ya Champion ni kinyume). Lakini boti yenye mzigo inakwenda mwendo wa mwisho saa nzima. Plagi ikizidi moto, mafuta yanawaka kabla ya wakati, pistoni inatoboka. Mvuvi, oili unachanganya vipi na petroli?

Mvuvi_Kilindoni
Lita moja kwa dumu la petroli la lita 20. Vijana wanaogopa injini isije ikakwama.

fundi_wa_pwani
Ugonjwa huo hapo. Hiyo ni 20:1, petroli ishirini kwa oili moja, oili imezidi! Injini nyingi za aina hiyo zikishazoea kazi hutaka 50:1, yaani mililita 400 kwa dumu, tena oili ya boti yenye alama TC-W3. Kitabu kinasemaje?

Mvuvi_Kilindoni
Kinasema 50:1, na plagi B7HS-10. Hiyo kumi ni nini tena?

fundi_wa_pwani
Mwanya wa milimita 1.0 kwenye ncha, pale cheche inaporuka. Pima kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kabla ya kufunga. Kaza kwa mkono mpaka washa (ile pete ya chuma ya plagi) iguse, kisha nusu mzunguko kwa spana, usizidishe, kichwa cha injini ni cha alumini. Nunua nne: funga mbili, mbili zikae botini pamoja na spana ya 21, kwenye chupa yenye kifuniko zisipate chumvi.