Redio ya jamii Mtongwe: tupite njia gani?

Bint Mtongwe

Assalaam alaykum, na salaam kwa nyote. Naandika kwa niaba ya kina mama wachuuzi wa samaki na vijana wavuvi wa Mtongwe, huku Likoni. Twataka redio yetu wenyewe. Kusi likivuma bahari huchafuka, na habari ya hali ya hewa hutufikia kupitia simu ya mtu mmoja. Siku hana bando, watu huingia majini hawajui lolote. Stesheni za Mombasa twazipata vizuri, lakini zinasema na mji mzima. Hakuna itakayotaja bei ya tafi na changu dikoni kwetu, wala kututangazia siku ya chanjo zahanati.

Kijana wetu mmoja ameagiza kijitambo cha FM mtandaoni. Ataka tukiwashe tu, ati wati kumi hazimdhuru mtu. Mwengine asema tukate leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza na dunia nzima kwa antena za juu ya mapaa, kisha tutangazie huko huko. Nami nilipokwenda kuuliza katika ofisi moja mjini, niliambiwa kwa mdomo tu kwamba masafa ya Mombasa yamejaa, nirudi nyumbani.

Njia ya halali ni ipi? Na hilo la masafa kujaa ndilo mwisho wa maneno?

Mzee wa Kilindini

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya redio melini miaka mingi, na leseni ya ridhaa ninayo hadi leo. Alama yangu ya mwito huanza na 5Z4 kama za wenzangu wa Kenya. Fani hii naipenda, na kwa hivyo sitaki muiingie kwa mlango usio wake.

Njia ya ridhaa iacheni. Kanuni za redio za kimataifa, zile za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zimeeleza kazi yake: mtu kujifunza, kufanya majaribio ya kiufundi na kuzungumza na mwanaridhaa mwenzake, bila maslahi ya pesa. Kutangazia umma hakumo, na bei ya samaki ni biashara. Hata mngeruhusiwa, nani angewasikia? Masafa yetu ya mazungumzo ya karibu ni megahezi 144 hadi 146, na redio ya betri ya mvuvi huishia 108.

Hicho kijitambo nacho, mwambie kijana asiguse swichi. Bendi ya FM inakoma 108, na papo hapo juu yake yanaanza masafa ya vyombo vinavyomwongoza rubani kutua, kisha yale anayozungumzia na mnara. Mtambo wa bei rahisi mara nyingi hauna chujio la maana: unautega masafa yako, nao unamwaga mawimbi machafu pembeni. Uwanja wa ndege wa Moi uko ng'ambo tu ya maji kutoka Mtongwe. Wati kumi mahali pale si kidogo hata chembe, na wenye roho mikononi ni abiria.

Jengine, mvuvi aliye baharini msimwachie FM peke yake. FM itamwambia asitoke, lakini akizama haimsikii. Cha kuitia msaada ni redio ya baharini, chaneli 16, megahezi 156.8, ambayo meli kubwa huisikiliza. Nayo ina leseni yake. Kikundi kikipata pesa, hata boti moja ikiwa nayo katika kila msafara, mimi nitalala usingizi.

Wakili wa Tudor

Bint Mtongwe, upande wa ridhaa Mzee ameumaliza. Sasa haki yenu.

Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema vyombo vya utangazaji vina uhuru wa kuanzishwa. Leseni ipo ili mawimbi yasimamiwe, na utaratibu wake usitawaliwe na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Sheria ya Habari na Mawasiliano inaitambua redio ya jamii kando na ya umma na ya kibinafsi, na anayetoa leseni ni Mamlaka ya Mawasiliano. Ombi linataka katiba ya kituo, uongozi, vyanzo vya fedha, na kumbukumbu za mkutano wa wadau waliokubaliana kuianzisha redio hiyo.

Kwenye hizo kumbukumbu ndipo muweke nguvu. Nimeona makundi yakiandika mstari mmoja, "wanajamii walikubaliana", basi. Andikeni nani alisema nini: mchuuzi ambaye mzigo wake ulioza kwa kutojua barafu imekwisha, nahodha aliyetoka alfajiri bila habari ya upepo, mama aliyekosa chanjo ya mtoto. Watie sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba redio ni ya watu wala si ya mtu mmoja mwenye mtambo.

La masafa: mji kujaa FM za nguvu kubwa si sawa na kukosa nafasi ya redio ndogo. Nairobi, Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zimekuwa zikitumia masafa yale yale, 99.9, kwa sababu kila moja ina nguvu ndogo na inahudumia mtaa wake. Ulizeni hilo hilo kwa Likoni, kwa barua: je, yapo masafa ya nguvu ndogo yanayoweza kugawiwa vikundi vya mitaa mbalimbali ya Mombasa? Chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi kama hilo. Mkinyimwa leseni, dai sababu kwa maandishi. Hiyo ni haki yenu katika kifungu cha 47 cha Katiba. Jibu la mdomo mlangoni halina pa kukatiwa rufaa.

Fundi wa Jomvu

Naongeza la mlingoti. FM husafiri kama jicho linavyoona, kwa hivyo urefu wa antena utawafaa kuliko wati. Chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.1, upate kilomita. Mlingoti wa mita 25: kipeuo ni 5, basi kama kilomita 20 kuelekea baharini. Likoni yote imo, na mvuvi wa ndani ya mwamba pia. Andikeni urefu na nguvu ndogo kwenye ombi, mhandisi wa masafa aone mapema kwamba hamtamwingilia jirani.

Bint Mtongwe

Shukran sana, nyote. Kijitambo nimekichukua, kiko kabatini kwangu. Swali moja tu: kuna mheshimiwa amesema atatununulia mtambo na mlingoti, mradi jina lake liwe kwenye cheti. Kina mama wamegawanyika.

Wakili wa Tudor

Kataeni, Bi. Chama cha siasa sheria yenyewe inakizuia kupewa leseni ya utangazaji, na mtu wa siasa akiwa kwenye cheti, ile hoja yenu ya kuwa redio ni ya jamii itawaponyoka mkiwa mezani. Kule Makueni, Mang'elete FM ilisimamishwa na vikundi vya kina mama wa vijijini. Waandikieni, ombeni wajumbe wawili waende wakaone daftari zao za michango. Mheshimiwa akitaka kusaidia kweli, na achangie kama mkaazi yeyote, apewe risiti.

Mzee wa Kilindini

Huyo kijana wa kijitambo msimvunje moyo, mkono wake unapenda kazi. Nileteeni. Tangu mkutano wa dunia wa redio wa 2003, Morse, ile lugha ya nukta na vistari, si sharti la kimataifa tena kwa mwanaridhaa, na pale Amateur Radio Society of Kenya wapo watakaomwelekeza taratibu za leseni. Akijua kupima mawimbi yake na kuyasafisha, siku mtakapopata masafa yenu mtakuwa na fundi wenu hapo hapo Mtongwe. Aje Jumamosi baada ya alasiri, na hicho kijitambo akibebe. Nitamwonyesha kinachotoka pembeni.