Rais wa Marekani aruhusiwe kumfukuza mtumishi yeyote wa serikali? Tujadili

Mzee wa Hoja
Wakuu, salaam. Kila habari za Washington zikija tunabishana Trump mzuri au mbaya, swali lenyewe tunaliacha. Rais wa Marekani anaingia Ikulu na wateule wake wapatao 4,000, na zaidi ya 1,000 kati yao lazima wathibitishwe na Seneti. Waliobaki, watumishi zaidi ya milioni 2, ni wa ajira ya kudumu. Anayekagua nyama, anayeongoza ndege, anayepitia maombi ya dawa mpya: marais wanawakuta na wanawaacha.

Oktoba 2020 Trump alitoa amri ya kuwahamishia watumishi wanaogusa sera kwenye kundi ambalo mtu anaondolewa bila mlolongo wa notisi, utetezi na rufaa. Biden akaifuta Januari 2021. Trump aliporudi, Januari 20, 2025, akairudisha siku hiyohiyo ya kuapishwa. Wanaolengwa wanakadiriwa kufika 50,000.

Msimamo wangu: Wamarekani walimpigia kura rais, hakuna aliyempigia kura mkurugenzi wa idara. Mtu ambaye hakuchaguliwa akilikalia faili miezi sita kwa kuwa sera haipendi, kura ya mwananchi ina kazi gani? Rais apewe rungu. Karibuni, na ndugu zetu wabeba maboksi wa huko msije na hisia, njooni na hoja.

Jabali la Kusini
Nakuunga mkono, mkuu. Huko kumfukuza mtumishi mzembe ni kesi. Bosi ampe notisi ya siku 30, mtu ajibu, akate rufaa kwenye bodi maalumu, akishindwa aende mahakamani. Bosi gani ana muda huo? Anaona bora amhamishe, mzigo unaenda ofisi nyingine.

Binti Pangani
Mzee wa Hoja, mada nzuri umeitia mchanga mwenyewe. Wabeba maboksi wameingiaje hapa? Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani. Ndiyo, nabeba maboksi. Naingia zamu jioni, naskani, napanga kwenye paleti, nazungushia nailoni, trela likijaa linaondoka linakuja jingine. Maboksi hayo yamewasomesha wadogo zangu na kumwezekea mama nyumba bati jipya. Na kila malipo yakitoka, kodi ya serikali kuu imeshakatwa kabla sijaishika hela yangu. Hao watumishi unaotaka wafukuzwe nawalipa mimi. Wewe unawalipa?

Mzee wa Hoja
Binti, nimeomba hoja umeleta bati la mama. Jibu swali: mwenye serikali ni rais au karani?

Mkaazi wa Tumbatu
Jamani msigombane. Mie nakumbuka tulisomeshwa kuwa zamani ilikuwa hivyo hivyo anavyotaka Mzee wa Hoja. Rais mpya akiingia anafagia wote, hata mkuu wa posta wa kijijini, anaweka watu wa chama chake. Mpaka kuna rais akapigwa risasi na mtu aliyenyimwa cheo, ndipo ikaja sheria ya mitihani.

Kalamu Nyekundu
Huyo ni James Garfield. Julai 1881 alikuwa stesheni ya treni Washington anaanza safari, Charles Guiteau akamjia kwa nyuma na bastola. Guiteau alijiaminisha kwamba hotuba yake ndiyo iliyomshindia Garfield uchaguzi, akadai apewe ukonseli wa Paris, akawa anashinda kwenye korido za Ikulu na za Wizara ya Mambo ya Nje mpaka wakamkataza kuja. Garfield alifariki Septemba. Januari 1883 Chester Arthur, makamu aliyerithi kiti chake, ambaye siasa za kugawiana vyeo New York ndizo zilizomkuza, akasaini Sheria ya Pendleton: kazi kwa mtihani, na mtu asifukuzwe kwa sababu ya chama. Ilianza na kama kazi moja katika kila kumi tu.

Kwa hiyo rungu hilo Mzee wa Hoja hulileti wewe. Tangu Andrew Jackson, 1829, marais walikuwa nalo, na Wamarekani wenyewe wakalichoka.

Jabali la Kusini
Mkuu Kalamu, karne ya 19 serikali yao ilikuwa posta na ushuru wa forodha. Leo karani anatunga kanuni yenye nguvu ya sheria. Usilinganishe.

Mfamasia wa Mwembeni
Jabali, hapohapo. Hebu niwape karani mmoja. Septemba 1960 daktari mgeni kabisa kazini kwenye mamlaka ya dawa ya Marekani, Frances Kelsey, aliwekewa mezani maombi ya dawa ya usingizi iitwayo thalidomide. Ulaya ilishauzwa, wajawazito wanaitumia kwa kichefuchefu. Sheria ya wakati ule ilisema mamlaka ikinyamaza siku 60, dawa inaingia sokoni yenyewe. Kila siku 60 zikikaribia kwisha, Kelsey anaandika barua: data hazitoshi, leteni zaidi. Saa inaanza upya. Kampuni ikapiga simu, ikatuma watu ofisini kwake, ikamshtaki kwa mabosi zake kwamba ni mgumu na anachelewesha biashara. Kisha akasoma kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kwamba watumiaji wanapata ganzi mikononi na miguuni. Akauliza swali ambalo kampuni haikuwa na jibu lake: mishipa ya mama ikidhurika, mtoto tumboni je?

Novemba 1961 Wajerumani wakaiondoa sokoni. Duniani watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na viungo vilivyopunguka. Marekani, ambako dawa haikuruhusiwa kuuzwa, waliopatikana ni wachache mno, hasa kutokana na sampuli zilizogawiwa kwa madaktari. Mwaka 1962 Rais Kennedy akamvisha medali.

Sasa Mzee wa Hoja, mwenye kampuni angekuwa mchangiaji wa kampeni, na Kelsey anafukuzika kwa simu moja, zile siku 60 zingeisha mara ngapi?

Mzee wa Hoja
Umechagua mmoja mzuri. Oktoba 1988 wagonjwa wa UKIMWI walikwenda kuzingira makao ya mamlaka hiyohiyo pale Rockville, Maryland, kwa sababu dawa zinacheleweshwa na wao wanakufa. Karani wa kuchelewesha hakuna aliyemfukuza. Hilo mbona hulisemi?

Mfamasia wa Mwembeni
Nalisema: walipiga kelele, na utaratibu wa kupitisha dawa za magonjwa mahututi ukaharakishwa. Wataalamu walibaki kazini, kanuni ndizo zilizobadilika. Swali langu la siku 60 umeliruka.

Jabali la Kusini
Kinachonishangaza, watetezi wakubwa wa makarani humu ndio haohao wanaolia na mafaili ya uhamiaji. Kesho utaona uzi: miaka mitatu faili halijasogea. Akifukuzwa mzembe wenu mnalia, asipofukuzwa mnalia.

Baba Salma
Jabali, hilo la mafaili usilichezee. Mdogo wangu alishinda bahati nasibu ya viza. Akajaza fomu, akapima afya, akauza pikipiki yake alipie. Ubalozi wao mmoja ukampangia usaili mwishoni mwa Septemba, wakampa karatasi ya kusubiri uchunguzi zaidi. Septemba 30 ikapita. Akaambiwa nafasi imekufa, na kweli imekufa, haikatiwi rufaa. Mpaka leo ile bahasha ya eksirei ya kifua ameiweka juu ya kabati. Niambieni huyo aliyeshika faili lake alifanywa nini? Hakufanywa kitu. Huyo mimi ningemfukuza kwa mikono yangu.

Kalamu Nyekundu
Pole sana, Baba Salma. Ila tarehe ile karani hakuitunga. Bunge la Marekani liliandika kwenye sheria ya uhamiaji ya 1990 kwamba mshindi anastahili viza ndani ya mwaka wa fedha aliochaguliwa kwa ajili yake tu, na mwaka wao wa fedha unafungwa Septemba 30. Balozi mwenyewe hawezi kuisogeza. Mwaka 2020 rais alipozuia viza hizo kwa tangazo, washindi walikwenda mahakamani, na jaji wa Washington ndiye aliyeamuru nafasi zitengwe zivuke tarehe. Aliyewaziba njia mwaka ule alikuwa rais, na kalamu yake.

Baba Salma
Kwa hiyo mdogo wangu amlaumu nani? Karani anasema Bunge, Bunge linasema rais, rais anasema makarani wananihujumu. Hapo ndipo ninapokasirika. Kila mlango una mwenyewe na hakuna aliye nyumbani.

Msafiri wa Nyali
Na serikali yao ikifungwa kwa kukosa bajeti, kama ile ya Oktoba na Novemba 2025, siku 43, si uhamiaji wote husimama? Hapo wa kulaumiwa ni karani yupi?

Binti Pangani
Haisimami yote. Wanaoshughulikia uraia na grini kadi wanaendeshwa karibu kabisa na ada tunazolipa sisi waombaji, kwa hiyo wanaendelea. Wanaoumia ni walinda viwanja vya ndege na waongoza ndege, wanaofanya kazi wiki hata wiki bila mshahara. Jirani yangu mmojawapo. Alikuja kuniomba nimuulizie zamu za ghalani, Mzee wa Hoja. Kubeba maboksi.

Mzee wa Hoja
Dada, neno moja umeling'ang'ania kurasa mbili.

Binti Pangani
Wewe uliliandika kwa makusudi. Lifute.

Msafiri wa Nyali
Wacheni hayo, kuna kubwa zaidi. Huyo rais mwataka apewe rungu, kwani hana? USAID, shirika lao la misaada ya nje, ilianzishwa na Kennedy mwaka 1961, na mwaka 1998 Bunge likaitambua kwa sheria kama taasisi inayojitegemea. Januari 2025 misaada ikasimamishwa, wafanyikazi wakatolewa kwa maelfu, na Julai 1 kilichobakia kikamezwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Bunge halikupiga kura ya kuivunja. Huku pwani na bara watu walikuwa wakitembea na vikopo vya dawa za ukimwi vimebaki nusu, hawajui mwezi ujao watapata wapi, na mpango huo wa dawa, PEPFAR, aliuanzisha George Bush mdogo mwaka 2003, Mrepublikan kama Trump. Nimewaona kina mama wakigawana vidonge. Sasa nyinyi mwabishana karani afukuzwe kwa siku ngapi!

Mzee wa Hoja
Msafiri umenisaidia. Kama pesa za walipakodi wa Marekani zinakwenda Mombasa, Mmarekani aliyepiga kura ana haki ya kusema basi. Ndiyo demokrasia.

Kalamu Nyekundu
Ana haki, kupitia Bunge. Pesa zikishapitishwa na Bunge rais hana ruhusa ya kuzikalia. Rais Nixon alizikalia, Bunge likamtungia sheria mwaka 1974. Kwa hiyo swali lako la kwanza, karani au rais, lilimwacha nje mtu wa tatu, mwenye mkoba. Na mtumishi huyo unayemwita karani anaapa kuilinda Katiba. Kwenye kiapo chake jina la rais halimo.

Jabali la Kusini
Kiapo hata wazembe huapa.

Mkaazi wa Tumbatu
Februari 2025 waliwaondoa mpaka watu wa silaha za nyuklia, mamia, kisha wakawa wanawatafuta warudi. Hilo nalo ni rungu.

Kijana wa Masasi
Samahanini wakuu, natoka nje ya mada. Dada Binti Pangani, kaka yangu yuko Kentucky, ana grini kadi mwaka wa pili. Anaweza kuomba kazi hizo za serikali kuu?

Binti Pangani
Karibu mdogo wangu. Nyingi zinataka uraia kamili, kwa hiyo asubiri atimize miaka mitano ndipo aombe uraia kwanza. Ila posta wanamchukua hata mwenye ukazi wa kudumu. Matangazo yako kwenye tovuti yao, na jaribio la kuingilia linafanyika mtandaoni. Aanze na kupanga mizigo au kugawa barua vijijini, wanahitaji watu sana karibu na Krismasi. Akikwama kwenye fomu aniandikie, nimeshawajazia wengi.