Naomba ushauri: mtoto ana seliaki (ugonjwa wa mwili kutopatana na ngano), unga nisagie wapi hapa Bukavu?

Jambo kwenu, wababa na wamama. Binti yangu wa miaka 6 aliharisha miezi mingi, tumbo limevimba, damu imepunguka. Dawa za minyoo tulimpa mara tatu, bure. Mwishowe vipimo vya damu na utumbo vikaonyesha seliaki.

Daktari alinieleza: gluteni, yaani protini iliyo ndani ya ngano, ikifika utumboni, seli T za kinga huidhania adui. Zinamwaga kemikali za kuleta uvimbe, na seli nyingine za kinga, zilizo ndani ya utando wa utumbo, zinaua seli za utumbo wenyewe. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinasawazika, madini ya chuma hayapiti. Yaani kinga yake mwenyewe ndiyo inamuumiza! Nililia.

Mkate na mandazi tumeacha. Bugali ya muhogo, mchele, ndizi na maharagi anakula vizuri. Shida ni kinu: jirani anasaga ngano na mahindi kwa mashine moja, na mabaki kidogo yanatosha kuamsha seli zile. Nani anajua kinu kisichogusa ngano, upande wa Kadutu au Ibanda? Na shuleni, wenzake wakimgawia mandazi, mlimfundishaje mtoto kukataa bila kujiona ametengwa?