Ulinganisho: seva yetu wenyewe au huduma ya kulipia kwa mwezi, kwa ajili ya kuwapigia simu wahojiwa?

Kahawa_Moshi: Wakuu, ofisi yetu hapa Moshi inaandaa utafiti kwa njia ya simu, na tunataka kompyuta ipige namba yenyewe badala ya mhojaji kubonyeza tarakimu na kukosea. Tunachagua kati ya kufunga seva yenye Asterisk na VICIdial, programu za kuendesha na kupiga simu ambazo hazina ada ya leseni, na kulipia huduma ya mtandaoni. Malipo ni wiki ijayo.

FundiNjiro: Mleta mada, hujasema wahojaji ni wangapi, mahojiano yanachukua muda gani, wala namba mmezipata wapi.

Kahawa_Moshi: Wahojaji wanane, dakika 25, wakulima wa vyama vya msingi.

FundiNjiro: Basi achana na upigaji wa kubashiri, ambao hupiga namba nyingi kuliko wahojaji walio huru kwa kutegemea kwamba baadhi hazitapokelewa. Kwa watu wanane hesabu hiyo huyumba: mkulima atapokea, ataita "haloo, haloo", atasikia kimya, na kesho hatapokea tena. Katika VICIdial weka kiwango cha upigaji kuwa 1, yaani namba moja kwa kila mhojaji aliye huru.

MamaSakina: Mimi nilisimamia kazi kama hiyo hapa Arusha. Tulinunua kifaa cha kuchomekea laini nyingi za kawaida, lakini kabla ya saa sita mchana laini zilianza kufungiwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa simu nyingi fupi zilizotoka sehemu moja zilifanana na za wanaopitisha simu za kimataifa kwa magendo. Wahojaji walikunywa chai hadi jioni huku wakidai posho, na mwenye mradi hakutaka maelezo. Wekeni kwanza mkataba wa laini za ofisi na kampuni ya simu, ndipo mbishanie seva.

Mzee_wa_Kibosho: Intaneti je? Kwa G.711, njia ya kugeuza sauti kuwa data bila kuibana sana, kila simu hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Tumieni G.729, inayoibana sauti zaidi, mtakula kama 31.

FundiNjiro: Shikamoo Mzee. Kwa simu nane hata megabiti moja haifiki. Kwa nini tuharibu sauti ambayo mkaguzi ataisikiliza baadaye?

Mzee_wa_Kibosho: Marahaba. Megabiti moja ya kwenye karatasi, au ya saa kumi jioni mvua ikinyesha?

MamaSakina: Sauti zitahifadhiwa wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi.

Kahawa_Moshi: Muuzaji wa huduma hajalijibu hilo. Nimemwandikia tena.

Mzee_wa_Kibosho: Akijibu, muulize pia kama anakubali G.729.